Kokoto Tano: Ubongo Unavyojifunza, na Tulivyofundisha Nachingwea na Ruangwa



Likizo ya Desemba tulipangiwa parokia mbili, mmoja wetu Nachingwea na mwingine Ruangwa. Tuliombwa kuwasaidia hesabu watoto waliokuwa wakisubiri kuingia darasa la saba. Usiku tulipigiana simu kupanga somo la kesho, ndiyo maana hata makosa yetu yalifanana.

Tulianza na asilimia. Tukaandika kanuni ubaoni, watoto wakaisema kwa sauti moja mpaka ukumbi ukatetemeka, nasi tukaenda kwenye masifu ya jioni tumeridhika. Wiki iliyofuata tukauliza swali lilelile. Kimya, pande zote mbili.

Ndipo yule wa Nachingwea akajaribu korosho. Kila mtoto wa huku anajua kangomba. Biashara hiyo imepigwa marufuku, na korosho zinatakiwa kupita vyama vya msingi na minada ya RUNALI, lakini mwenye shida ya leo hasubiri mnada. Swali likawa hivi: mnunuzi ana kipimo anachokiita kilo moja, kumbe kinabeba kilo moja na robo. Mkulima anapoteza asilimia ngapi ya korosho anazotoa? Sisi wenyewe tukaandika ubaoni: 25.

“Samahani, Frateri, ni ishirini,” akasema kijana mmoja ambaye wiki nzima hakuwa amefungua mdomo. Akatoka nje, akarudi na kokoto tano. Kila moja ni robo kilo. Mkulima anatoa tano, analipwa nne, moja imekwenda. Moja katika tano. Tukafuta ubao.

Tuliporudi seminarini tulitafuta wataalamu wa ubongo na kumbukumbu wanasema nini juu ya jambo hili. Kwanza, sehemu ya akili inayoshika mambo mapya kwa wakati mmoja ni ndogo sana. Nelson Cowan, mwaka 2001, alikadiria kuwa inabeba vitu kama vinne tu. Mtoto aliyepewa kanuni ngeni, maneno mageni na mfano wa duka asilolijua ameshajaa kabla hajaanza kufikiri. Kijana wetu hakuhitaji nafasi ya kuielewa korosho. Ilikuwa tayari imekaa kwenye kumbukumbu ya kudumu, kwa hiyo akili yake yote ilibaki kwa ajili ya hesabu.

Pili, kumbukumbu huimarika inapoitwa. Mwaka 1949 Donald Hebb alieleza kwamba seli za neva zinazoshtuka pamoja mara kwa mara huimarisha muungano wao. Katika jaribio la Roediger na Karpicke la mwaka 2006, wanafunzi wa chuo nchini Marekani walisoma makala fupi. Baadhi waliirudia kuisoma, wengine waliifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: walioandika bila kutazama wakawaacha mbali. Tulisoma hapo tukatazamana. Ule ukumbi uliotetemeka ulikuwa ni zile dakika tano.

Hapa tunaomba msomaji asituelewe vibaya. Kujifunza kwa kutenda si kelele za vikundi, wala si mikono peke yake. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea (1967) alitaka shamba la shule liwe mahali pa kupanga, kujaribu na kuamua. Wengi wetu tunalikumbuka kama adhabu ya waliochelewa namba: jembe linafanya kazi, akili imelala. Kinachotakiwa kutenda ni akili yenyewe, ikumbuke, ikisie, ikosee, isahihishwe. Na kukariri nako kuna nafasi yake, maana asiyejua jedwali la kuzidisha hutumia vile vinne vyake vyote kutafuta saba mara nane.

Kwa wanafalsafa hili si geni. Aristotle alisema mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipojadili juu ya mwalimu, alimfananisha na tabibu: dawa husaidia, lakini anayepona ni mwili wenyewe. Vivyo hivyo mwalimu hamimini elimu kama maji mtungini. Anaisaidia akili ya mwanafunzi itende kazi yake. Sayansi ya ubongo imeonyesha sehemu ya namna hiyo. Haituambii kipi kinastahili kufundishwa, na tunadhani haitatuambia.

Walimu tuliozungumza nao walituuliza swali la haki: darasa lina watoto themanini na zaidi, kokoto zitatosha? Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, unasisitiza umahiri, lakini idadi ya madawati ni ileile. Sisi tulichagua jambo moja lisilo na gharama. Kila somo lilianza na karatasi tupu: dakika tano, daftari limefungwa, andika unachokumbuka cha juzi. Kisha kila mmoja anasahihishana na jirani yake.

Siku ya kwanza nusu ya karatasi zilirudi tupu. Ruangwa, msichana aliyekuwa hodari kuliko wote wa kuimba kanuni alilia. Tulikuwa tumemnyang’anya kitu alichokiweza, na hatukuwa tumemwandaa. Kuanzia hapo tuliwaambia wazi kwamba karatasi hiyo haina alama, kosa lake ni la kujifunzia, na tukawasimulia kosa letu la 25 tuliloliandika ubaoni Nachingwea. Hilo waliliomba mara tatu.

Si wote walioendelea vizuri. Wawili waliacha kuja, na hatujui kama ni karatasi zetu au ni palizi, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza. Msichana yule alibaki. Siku ya mwisho alinyoosha mkono: “Frateri, na kipimo kikizidi nusu kilo?” Mmoja wetu akashika chaki. Yeye alikuwa ameshatoka nje, anaokota kokoto tatu.