Tujue Rele za Umeme na Kazi ya Kila Moja



Mtauliza: muganga wa dispanseri anatafuta nini katika tablo ya umeme? Jibu ni fupi. Mtu aliyepigwa na umeme huletwa kwetu, na mara nyingine anafika wakati dawa haina kazi tena. Dawa ya kweli inafanya kazi kabla, ndani ya kisanduku kile cha ukutani. Kwa hiyo somo letu la leo ni juu ya rele.

1. REL E NI NINI?

Rele ni swichi inayoendeshwa na umeme wenyewe, si kwa mkono wa mtu. Ndani yake kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, unaoitwa bobini. Umeme kidogo ukipita katika bobini, inakuwa sumaku na kuvuta kipande cha chuma. Chuma hicho kinaunganisha au kukata njia nyingine yenye umeme mwingi. Ndiyo sababu unabonyeza butoni ndogo kwa kidole, na mota kubwa ya kuponda mawe inaanza kuzunguka.

2. AINA ZA RELE

Kontakta. Huyu ni ndugu mkubwa wa rele. Anawasha na kuzima mota. Umeme ukikatika, sumaku yake inakufa na njia inafunguka. Umeme ukirudi, mashine haianzi mpaka mtu abonyeze butoni. Sisi wa Goma tunajua umeme unavyoweza kukatika na kurudi bila kupiga hodi. Mashine iliyofungwa kwa swichi ya kawaida, bila kontakta, itaanza yenyewe umeme ukirudi, labda mkono wa mtu ukiwa ndani anatoa jiwe lililokwama. Lakini kontakta peke yake haitoshi: kabla ya kuingiza mkono, zima swichi kuu, tia kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako.

Rele ya joto. Ina vipande vya madini mawili yaliyobanwa pamoja. Mota ikibeba mzigo kupita nguvu yake, vipande vinapata joto. Kwa kuwa madini moja hutanuka kuliko lingine, vinapinda na kuzimisha kontakta. Rele hii ikikata, inakuambia mota ni mgonjwa: pengine jiwe limekwama, beringi imekufa, au waya mmoja kati ya mitatu umekatika. Kuibana kwa kijiti ili kazi iendelee ni sawa na kumnyima mgonjwa wa homa kipimo cha joto. Homa inabaki pale pale, na mwisho wake ni moto.

Rele ya umeme uliopita kiasi. Nyaya mbili zikigusana, umeme unaruka kwa wingi sana. Rele hii inakata mara moja. Inalinda nyaya na mashine. Mwili wa mtu ni mdogo mno kwake.

Rele ya muda. Inahesabu sekunde kabla ya kutenda. Kwa mfano, king'ora kinalia kwanza, ndipo mkanda wa kubeba mawe unaanza kwenda. Ukisikia king'ora, ondoka.

Rele ya gesi. Inakaa juu ya transfoma kubwa za mafuta, na iliundwa na Max Buchholz mwaka 1921. Transfoma ikiharibika ndani, mafuta yanatoa mapovu. Rele inatoa alama ya hatari au inakata umeme.

Rele ya tofauti (diferensieli). Hii ndiyo mlinzi wa mwili wako. Inapima umeme unaokwenda na ule unaorudi. Ikiwa sehemu haikurudi, maana yake imepita njia nyingine, labda katika mwili wa mtu. Ile ya kulinda watu hukata tofauti ikifika miliampea 30, kwa muda usiozidi sehemu 3 za 10 za sekunde.

3. KWA NINI HAPA KWETU NI LAZIMA?

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilimwaga moto mwaka 1977, mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Jiwe hilo likikauka halipitishi umeme vizuri, na kuchimbia chuma cha kushusha umeme ardhini ni kazi ngumu. Tufanye hesabu. Chuma hicho kikiwa na ukinzani wa omu 100, na waya wenye volti 220 ukagusa mwili wa mashine, umeme utakaoshuka ardhini ni ampea 2 na nukta 2 tu. Fyuzi ya ampea 16 haitayeyuka. Mashine itakaa na umeme kimya kimya, ikimngoja atakayeigusa.

Lakini ampea 2 na nukta 2 ni miliampea 2,200. Rele ya tofauti itakata papo hapo, kabla mtu hajagusa.

Kwa mwili, hesabu ni ndogo zaidi. Kwenye miliampea 10 hivi mkono unaweza kushindwa kuachia. Kuanzia 30 pumzi inaweza kuzibika, na zaidi ya hapo moyo unaweza kupoteza mwendo wake.

Jueni pia mpaka wake. Mtu akishika nyaya zote mbili, moja kila mkono, huku amesimama juu ya ubao mkavu, rele ya tofauti haioni kitu.

4. NYUMBANI

Kwenye rele ya tofauti kuna butoni ndogo yenye herufi T. Ibonyeze mara moja kila mwezi. Umeme lazima ukatike. Usipokatika, ita fundi. Kama inakatakata yenyewe, toa vyombo katika priza kimoja kimoja: pasi, friji, jiko. Kile kinachofanya ikate ndicho kibovu. Usikubali fundi aiondoe eti inasumbua.

5. MTU AKIPIGWA

– Usimguse. Kata umeme kwanza.
– Kama huwezi kukata, na ni umeme wa nyumbani, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu. Kwa nyaya za umeme mkubwa, kaa mbali mpaka zikatwe.
– Kama hajibu na hapumui vizuri, mkandamize katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akiita msaada.
– Hata akisimama na kucheka, mlete dispanseri. Umeme huunguza ndani na moyo unaweza kusumbuka baadaye.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Rele ipi inazuia mashine kuanza yenyewe umeme ukirudi?
2. Kwa nini fyuzi peke yake haitoshi juu ya mawe ya volkano?
3. Butoni ya T nyumbani kwako ilibonyezwa lini?

Swali la tatu, usilijibu kwa mdomo. Nenda ukaibonyeze leo.