Kijana Anayekimbia Chakula

Hapa Ndalambo tukimwona kijana amekonda tunafikiri mara moja minyoo, kifua kikuu au UKIMWI. Tunafanya vema, na vipimo hivyo vitangulie. Lakini mwezi huu tuongelee kijana ambaye kwao ugali upo na maharage yapo, naye hali.

Tuliletewa wodini binti wa kidato cha pili. Mama yake alisema amerogwa. Vipimo havikuonyesha kitu. Mikono yake ilikuwa ya baridi, malaika laini wameota mgongoni, hedhi imekoma miezi minne, na juu ya vifundo vya vidole palikuwa na makovu madogo. Makovu hayo ni ya meno: anayejitapisha kwa kutia vidole kooni hujikwaruza hapo.

Aliyetueleza ukweli ni rafiki yake, aliyekuja kumwona na ndizi mbili. Wavulana darasani walikuwa wakimwita "pipa". Tangu hapo chakula cha mchana akawagawia wenzake, na kila akila nyumbani alikwenda chooni. Rafiki alijua tangu mwanzo, ila aliapishwa asiseme. Alilia sana. Hatukumlaumu, lakini vijana mnaosoma ukurasa huu mjue: kutapika mara kwa mara hupunguza potasiamu mwilini, na ikipungua mno moyo waweza kusimama ghafla, hata wa mtoto wa miaka 15. Siri ya namna hii haitunzwi.

Wengine husema haya ni magonjwa ya Wazungu. Kweli, William Gull, daktari wa London, aliandika juu ya kujinyima chakula tangu mwaka 1873. Lakini huko visiwa vya Fiji, ambako unene ulikuwa sifa kama kwetu, televisheni ilifika katika wilaya moja mwaka 1995. Kufikia 1998 zaidi ya msichana mmoja kati ya kumi katika waliohojiwa alikiri kujitapisha ili apungue. Kwetu sasa picha zinaingia kwa simu. Wavulana nao wamo.

Shangazi yake alianza kumfokea. Tulimsihi aache, maana fokafoka huongeza aibu, na aibu humrudisha chooni. Wazazi wapange chakula na saa yake, waketi naye mpaka amalize, na saa nzima baada ya kula asiachwe peke yake. Maongezi yawe ya shule, ya kuku, ya lolote isipokuwa mwili wake. Hata "sasa umenenepa" asiambiwe. Rafiki yule alilielewa hili kuliko sisi wauguzi: kila mchana alikunywa naye uji wa ulezi wenye karanga, bila kutamka neno "kula".

Aliyekaa muda mrefu bila chakula asishindiliwe siku moja. Madini ya damu hushuka ghafla naye aweza kufa. Aanze kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa hospitali. Akitapika asukutue kwa maji tu, asipige mswaki papo hapo.

Binti huyu alijificha pia nyuma ya Kwaresima. Wazazi, kumbukeni kwamba sheria ya mfungo humhusu aliyetimiza miaka 18, na mgonjwa haimbani.

Huja kupimwa kila mwezi. Tunampandisha kwenye mizani akiwa ameipa mgongo, asione namba. Kilo zimeongezeka nne. Hedhi bado haijarudi. Rafiki yake humsubiri nje na mahindi ya kuchoma.