SOMO LETU: INJINI NAYO YATAKA HEWA BARIDI



Katika somo hili twazungumza juu ya hewa inayovutwa na injini, na jinsi ya kutengeneza sanduku la bati la kuiletea hewa isiyo moto. Huenda mwenzetu akauliza, "Chama kimeingiaje katika mambo ya boneti?" Tunajibu hivi: mwenzetu mmoja alikatwa mshahara kwa sababu ya hewa moto, na yeye mwenyewe hakujua.

Mambo yalivyokuwa

Ilikuwa katika shamba moja la chai magharibi ya Uganda, upande wa Fort Portal. Trekta kuukuu la dizeli lilikuwa likivuta tela la majani mabichi kutoka bondeni mpaka kiwandani. Asubuhi lilipanda kilima vizuri. Ikifika saa saba mchana likawa linatoa moshi mweusi, linanguruma, na kwenda mwendo wa kinyonga. Majani ya chai yakirundikana muda mrefu hupata joto na kugeuka mekundu, na majani mekundu hayatoi chai nzuri. Nyapara akasema dereva anazembea njiani. Akakatwa mshahara wa siku tatu.

Sisi wa tawi hatukuanza kwa kelele. Tulianza kwa kufungua boneti. Tukaona kwamba bomba la kuvutia hewa, lile linalochomoza juu ya boneti, lilikuwa limevunjika miezi mingi nyuma. Dereva aliripoti, kipuri hakikuletwa. Tangu siku ile chujio lilikuwa likivuta hewa ya ndani ya boneti, nyuma ya rejeta, karibu na bomba la moshi.

Tuliazima kipimajoto cha chumba cha kunyaushia majani. Tukakifunga kwa waya karibu na mdomo wa chujio, mbali na feni, injini ikiwa imezimwa. Trekta likapanda kilima na mzigo wake. Lilipofika juu tulizima, tukasoma: nyuzi 61. Kivulini, nje ya trekta, zilikuwa nyuzi 28.

Kwa nini hewa moto hudhoofisha injini

Dizeli haiungui peke yake. Lita 1 ya dizeli yahitaji hewa isiyopungua kama lita 10,000 ili iungue yote. Hewa ikipata joto hutanuka, ikawa nyepesi. Silinda ni chombo cha kipimo kilekile siku zote, kama debe. Ukilijaza debe hewa nyepesi, limejaa kwa macho, lakini kilichomo ni kidogo.

Kila joto linapozidi nyuzi 3 hivi, hewa hupungua uzito kama asilimia 1. Kwa hiyo kutoka nyuzi 28 mpaka 61, katika kila madebe 10 ya hewa, debe 1 limepotea. Pampu ya dizeli ya injini kuukuu haijui jambo hili. Inaendelea kupeleka mafuta yaleyale. Yale yasiyopata hewa hutoka kwa ekzosi yakiwa moshi mweusi.

Tena tukumbuke mahali tulipo. Fort Portal iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko, hata ikiwa baridi, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Injini isiyo na taboo imekwisha kupunguziwa posho na kilima. Tukiilisha hewa moto, tunaipunguzia mara ya pili.

Kutengeneza sanduku

1. Kwanza angalia chujio. Likiwa limeziba kwa vumbi, lisafishe au libadilishwe. Ikiwa kasoro ni nozeli au pampu, sanduku halitasaidia kitu. Usitengeneze dawa kabla ya kujua ugonjwa.

2. Pata ruhusa ya fundi mkuu kwa maandishi. Trekta si letu, na kesho tusije tukaambiwa tumeliharibu.

3. Zima injini, ngoja ipoe, tia ufunguo mfukoni mwako. Mwenzetu anayefanya kazi karibu na feni asitegemee ahadi ya mtu mwingine.

4. Kata bati lisilo na kutu, ukunje kingo zote zisikate mikono. Sanduku lizunguke chujio pande zote, lilitenge na joto la injini. Funga kwa ribiti. Palipo na mwanya weka ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu.

5. Toa bomba kutoka sandukuni mpaka nje ya boneti. Upana wake usiwe mdogo kuliko shingo ya kuvutia hewa ya injini yenyewe. Kona ziwe chache. Bomba jembamba lenye kona nyingi huikaba injini, na hasara yake huzidi ile ya joto.

6. Mdomo wa bomba uwe juu, mbali na ekzosi, mbali na upepo wa rejeta na vumbi la magurudumu. Usiuweke chini kamwe. Injini ikivuta maji mtoni au dimbwini, maji hayabanwi kama hewa. Mkono wa pistoni utapinda. Weka kofia ya mvua na wavu wa waya. Chini ya sanduku toboa tundu dogo la kutolea maji, upande wa hewa ambayo haijapita chujio.

7. Hewa yote ipite katika chujio. Hili ni la lazima. Yuko atakayesema tuondoe chujio ili injini ipumue zaidi. Huyo anaua injini. Vumbi la barabara zetu nyekundu husaga ringi na silinda kama msasa. Kati ya chujio na injini pasiwe na tundu, wala ribiti, wala nati inayoweza kulegea na kumezwa.

Usiguse lakiri ya pampu ya mafuta. Na injini mpya zenye taboo na kipoza hewa, waachieni mafundi wake. Mpango wake wa hewa ni mwingine.

Kupima matokeo

Tulipima kama tulivyopima kwanza: kilima kilekile, saa ileile, uzito uleule wa majani. Mara hii kipimajoto kilikuwa ndani ya sanduku. Kilionyesha nyuzi 33. Safari iliyochukua dakika 21 ilichukua 18. Moshi ulipungua, ingawa haukwisha. Si muujiza, injini kuukuu ni kuukuu. Lakini majani yalifika yakiwa ya kijani. Yote tuliyaandika katika daftari, pamoja na tarehe.

Sanduku ni la nani?

Bati na ribiti tulinunua kwa mchango wetu. Hapo ndipo tulipokosea, na twataka wenzetu wasirudie kosa hilo. Mkataba Na. 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani, kifungu cha 21, wasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwezi Juni 2022 mkataba huo uliingizwa katika ile ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama yapasa kuziheshimu, hata kama haijauridhia.

Na moshi ni jambo la afya. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitamka kwamba moshi wa dizeli huwaletea binadamu saratani ya mapafu. Wanaoupakia mzigo nyuma ya trekta wanauvuta kila siku. Kwa hiyo tuliingia ofisini na madai mawili: bei ya bati, na siku tatu za dereva. Daftari likawekwa mezani. Meneja alisoma nyuzi 61, akaomba aonyeshwe trekta. Mwisho wa mwezi dereva alirudishiwa fedha zake, nasi tukalipwa bei ya bati. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ndugu, twajifunza nini? Mashine ikishindwa, wa kwanza kulaumiwa ni aliyeshika usukani. Kinga yake ni ujuzi, na kipimo kilichoandikwa. Mkono wetu ukaweza kukunja bati, na kalamu yetu nayo iandike.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Injini za kwenu, za matrekta na jenereta, zinavuta hewa kutoka wapi? Nendeni mkaangalie.
2. Kwa nini kuondoa chujio si njia ya kuipa injini nguvu?
3. Ni nani kati yetu amewahi kulaumiwa kwa kosa la mashine? Je, palikuwa na daftari?