Mafua ya Ndege Huingiaje Bandani?

Mkulima, ukikuta kuku mmoja amekufa alfajiri, waweza kusema ni jambo la kawaida. Ukikuta kumi kwa siku moja, usiseme hivyo. Huenda ni mafua ya ndege, na kuku akishaupata ugonjwa huu hana dawa.

Chanzo ni ndege wa majini, hasa bata wa porini. Wengi wao hubeba virusi bila kuonekana wagonjwa. Kinyesi chao huanguka bwawani. Bata wako huogelea hapo mchana, na jioni hurudi nyumbani kula pamoja na kuku. Januari 2017 ndege wa porini walikutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda, na kuku na bata wa kufugwa nao wakapatwa. Kenya ikazuia kuku kuletwa kutoka huko.

Mwenye kuku elfu moja waliofungiwa asidhani amesalimika. Ugonjwa wa aina ya H5N1 ulipothibitishwa mara ya kwanza katika Afrika, Februari 2006, ulikuwa katika shamba la biashara jimboni Kaduna, Nigeria. Virusi havina miguu. Sisi ndio tunaovibeba: kwa viatu vya mfanyakazi mwenye kuku kwake, kwa kreti na trei za mchuuzi, kwa magurudumu ya gari la chakula. Na kuku wakisongamana, mmoja huambukiza banda zima kwa siku chache.

Basi fanya hivi:

1. Usichanganye bata na kuku. Wape maji ya kisima au ya mfereji, si ya bwawani.
2. Weka viatu vya bandani peke yake. Mchuuzi na aishie langoni.
3. Kuku aliyetoka sokoni, hata wako aliyekosa mnunuzi, mtenge wiki mbili.
4. Kuku wakifa ghafula, au wakivimba kichwa, usiuze, usichinje, wala usitupe mizoga mtoni. Usiwaguse kwa mikono mitupu, kwa maana watu pia huweza kuambukizwa.
5. Mwite Afisa wa Mifugo siku hiyo hiyo. Dalili hufanana na za kideri. Macho hayawezi kutofautisha, ila maabara.

Kumbuka, katika skimu mashamba yetu yanapakana. Anayeuza kuku wagonjwa upesi ili aokoe shilingi chache humpelekea jirani hasara ile ile, na kesho itarudi kwake.