Mali ya Wote na Moyo wa Mtu

Somo la kujadiliana katika vikundi



Vijana wetu katika vikundi vya kujifunza huuliza swali ambalo si dogo: Je, ukomunisti waweza kufanya kazi hapa duniani, au tabia ya mwanadamu haiuruhusu? Wazee wengi hujibu upesi, "Haiwezekani. Mtu kwa asili yake ni mchoyo, na cha wote si cha mtu." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli, na ile nusu iliyoachwa ndiyo yenye hatari zaidi. Basi leo tulipime jambo hili taratibu, kwa mifano ya mambo yaliyotokea.

1. Maana ya neno

Karl Marx na Friedrich Engels, walioandika ilani yao mwaka 1848, walifundisha kwamba mashamba, viwanda na migodi visiwe mali ya watu wachache, bali viwe vya jamii nzima. Mwaka 1875 Marx aliandika kwamba mwisho wa safari ni jamii ambamo kila mtu hufanya kazi kwa nguvu alizo nazo na kupata anachohitaji.

Tusilicheke fundisho hili. Liliandikwa katika siku ambazo watoto wa maskini wa Ulaya walikuwa wakifanya kazi viwandani na migodini. Tena, ndani ya nyumba zetu ndivyo tunavyoishi. Mtoto mchanga halimi, lakini anakula. Bibi mzee haendi kisimani, lakini maji anayapata. Hakuna mama anayepima uji kwa mizani ya kazi ya kila mtu. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba kugawana ni kinyume cha tabia ya mwanadamu. Swali ni hili: jambo linalowezekana kwa watu sita waliozunguka chungu kimoja, lawezekana kwa mamilioni ya watu wasiojuana?

2. Upande wa jembe

Tuanze na Urusi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 nchi hiyo na majirani zake ziliunda Umoja wa Kisovyeti. Kuanzia mwaka 1929 serikali ya Stalin iliwalazimisha wakulima kuingia katika mashamba ya pamoja yaliyoitwa kolkozi. Wengi walichinja mifugo yao kuliko kuitoa. Kufikia mwaka 1933 idadi ya ng'ombe ilikuwa imepungua kwa karibu nusu, na katika miaka ya 1932 na 1933 njaa iliua mamilioni ya watu, hasa Ukraine.

Mwaka 1935 serikali ililegeza kamba kidogo. Kila kaya ya kolkozi iliruhusiwa kipande chake cha ardhi, kwa kawaida robo hadi nusu hekta, pamoja na ng'ombe wa maziwa. Kwa miaka mingi vipande hivyo vilikuwa yapata asilimia 3 tu ya ardhi iliyolimwa, lakini vilitoa kama robo ya mazao ya kilimo kwa thamani. Kwa haki tuseme pia kwamba watu walilima humo viazi na mboga na kufuga kuku, vitu vyenye bei na vinavyotaka uangalizi, na majani ya ng'ombe mara nyingi yalitoka kolkozi. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Mkulima alikuwa yule yule, mvua ile ile. Mchana aliburuta miguu, jioni akapalilia chake mpaka giza likaingia.

Alikuwa mvivu? Hapana, alikuwa amepiga hesabu. Mkiwa watu mia katika shamba moja, ukiongeza bidii ya siku nzima, faida yake hugawanywa mara mia. Ukitega, hasara nayo hugawanywa mara mia. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne aiweza. Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu tulikuwa na mashamba mawili ya Elimu ya Kujitegemea. Mahindi ya shamba la kwanza tuliyaona mezani kwetu, na palizi yake haikutaka msimamizi. Mazao ya shamba la pili hatukujua yalikokwenda, na huko tulilima kwa kengele na kuitwa majina.

Hii ndiyo nusu ya ukweli ambayo wazee huisema. Sasa tuitazame nusu ya pili.

3. Upande wa ghala

Mwaka 1958 China, yenye watu zaidi ya milioni mia sita, iliwakusanya wakulima katika makomuni makubwa. Majiko ya pamoja yalifunguliwa, na familia zikatakiwa kuacha kupika nyumbani. Viongozi wa wilaya walishindana kutangaza mavuno. Huyu akisema yameongezeka mara mbili, jirani yake alisema mara tatu. Serikali ikadai fungu lake kwa kufuata tarakimu za kwenye karatasi, na nafaka iliyokuwapo kweli ikachukuliwa. Mwaka 1959, vijijini watu wakianza kufa, nchi iliendelea kuuza nafaka nje.

Mwezi wa Julai mwaka huo viongozi walikutana mlimani Lushan. Waziri wa Ulinzi, Peng Dehuai, alimwandikia Mao Zedong barua ya kueleza kasoro alizoziona. Alishutumiwa, kisha akaondolewa katika cheo chake. Baada ya hapo, ni katibu gani wa wilaya ambaye angethubutu kuandika kwamba ghala lake ni tupu? Njaa ya miaka ya 1959 hadi 1961 iliua watu wengi mno. Makadirio ya wataalamu huanzia kama milioni 15, na mengine hupita milioni 30.

Wapendwa, hapa ndipo panapotupasa kusimama. Watu wale hawakuuawa na uvivu wao wenyewe. Hasara kubwa ilitokana na hofu ya waliokuwa chini na kiburi cha waliokuwa juu. Kitu kikiwa cha wote hakina budi kuwa na mgawaji, na mgawaji naye ni mwanadamu, mwenye tabia ile ile tunayoilaumu kwa mkulima. Mkulima mchoyo huficha debe moja chini ya kitanda. Mgawaji asiyeulizwa na mtu aweza kupoteza chakula cha nchi nzima. Kwa hiyo mtu anayesema "wanadamu ni wachoyo, basi tuwape viongozi wachache mamlaka yote wawasimamie" amesahau kwamba viongozi hao hawakushuka kutoka mbinguni.

Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa mwaka 1978. Katika kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui, wakulima 18 waliandikiana mkataba wa siri, wakautia sahihi na alama za dole gumba. Walikubaliana kugawana mashamba, kila kaya ilime yake, itoe fungu la serikali, na kinachobaki kiwe chake. Walijua wanaweza kufungwa. Ndiyo maana waliongeza sharti jingine: viongozi wao wakikamatwa, wengine watawalea watoto wao mpaka wafikishe miaka 18. Mavuno yaliyofuata yalipanda sana, na kufikia mwaka 1984 makomuni yalikuwa yamevunjwa karibu China yote.

Angalieni mkataba ule vizuri. Watu waliokuwa wakigawanya mashamba ndio hao hao waliokubali kulea watoto wa wenzao kama wa kwao. Tuseme walikuwa wachoyo, au wakarimu? Walikuwa yote mawili, kama sisi. Shamba la watu wasiojuana liliwashinda, na mtoto wa jirani hakuwashinda.

4. Wako walioweza

Je, wako watu waliodumu na mali ya pamoja? Wako. Wahuteri ni Wakristo walioanza kuweka mali zao pamoja huko Moravia mwaka 1528. Jina lao latokana na Jakob Hutter, kiongozi wao aliyeuawa mwaka 1536. Walifukuzwa kutoka nchi hadi nchi, na katika miaka ya 1870 wakahamia Amerika ya Kaskazini, wanakoishi hadi leo, hasa Kanada, kama watu 50,000. Hulima pamoja na kula pamoja, na shamba ni la jumuiya.

Siri yao ni nini? Kwanza, mtu hubatizwa akiwa mzima, kwa kutaka mwenyewe. Pili, aliyechoka aweza kuondoka, ingawa haondoki na fungu la mali. Tatu, jumuiya moja ikikaribia watu 150 hujigawa na kuanzisha nyingine, ili watu wazidi kujuana kwa sura na kwa jina. Hata hivyo nao walijikwaa. Walipokuwa Urusi waliacha mali ya pamoja mwaka 1819, wakairudia mwaka 1859. Tukumbuke pia kwamba hawajapata kutawala nchi wala kumlazimisha jirani aishi kama wao.

5. Hapa kwetu

Mwalimu Nyerere hakufundisha ukomunisti. Alikataa vita vya matabaka, na mfano wake aliutoa katika ukoo wa Kiafrika, yaani kile chungu tulichokitaja mwanzoni. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Lakini hata kabla ya hapo, huko Ruvuma, watu wa Litowa na vijiji vingine walikuwa wamejiunga kwa hiari, wakilima pamoja na kupanga mambo yao katika mikutano yao wenyewe. Mwaka 1969 chama cha TANU kilikivunja chama chao cha maendeleo. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kazi iwe imekwisha mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili watu wasirudi.

Mashamba mengi ya ujamaa yalikufa. Shule, zahanati na visima vya siku zile vingi vilibaki, na wengi wetu tulijua kusoma kwa sababu hiyo. Mtu alimwona mwanawe akienda shule na kurudi na daftari. Mapato ya shamba la kijiji aghalabu hakuyaona.

6. Kanisa la kwanza

Sasa tufungue kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 2 na ya 4 hadi ya 6. Waumini wa Yerusalemu walikuwa na vitu vyote shirika. Lakini katika sura ya 5 Petro anamkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa mikononi mwake. Hakulazimishwa na mtu kutoa. Kosa lake na la mkewe Safira lilikuwa uongo.

Halafu sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwaita wachochezi. Waliwaambia waumini wenyewe wachague watu saba wenye sifa njema, nao wakachagua. Someni majina yao: yote ni ya Kiyunani. Yaonekana upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa ufunguo wa ghala. Kama Kanisa la mitume lilihitaji mpango wa namna hiyo, parishi yetu yaweza kuukosa?

7. Jibu letu

Kama ukomunisti ni kugawana kwa hiari kati ya watu wanaojuana, historia yaonyesha kwamba wanadamu wanauweza, ingawa kwa shida. Kama ni mali ya nchi nzima kugawanywa kwa amri na watu wasioulizwa, historia yaonyesha umeshindwa, na gharama yake imekuwa maisha ya watu.

Lakini tusijifurahishe kwa makosa ya Urusi na China. Sisi nasi tuna sadaka za mavuno, mfuko wa rambirambi, na wengine tuna hisa katika vyama vya ushirika. Hivi vyote ni mali ya wote, na huharibika kwa njia zile zile mbili: wengine wakitega, na wengine wakishika ufunguo bila kuulizwa. Mara nyingi twamsema sana aliyekosa kuja shambani, na mwenye daftari la fedha twaona aibu kumwuliza. Mjane ambaye jina lake limerukwa katika mgawo hapati chakula kwa kuwa sisi tuna adabu.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja kazi moja ya pamoja iliyodumu mahali petu na moja iliyokufa. Tofauti yake ilikuwa nini?
2. Soma Matendo 6:1–6. Mitume wangefanya nini kama wangetaka kulinda heshima yao tu?
3. Katika vikundi vyetu, nani anashika ufunguo wa ghala au wa sanduku? Nani anashika wa pili?
4. Ni lini mara ya mwisho hesabu zilisomwa mbele ya watu wote, na nani aliuliza swali?