Nilikosa, Sikupata, Sijapata: Lugha ya Kueleza Alama Zinazokosekana katika Maombi ya Chuo

Utangulizi

Katika vipindi vya uandishi wa kiuamilifu, barua ya kuomba nafasi ya masomo hufundishwa kana kwamba mwombaji ana kila kitu mkononi: cheti, karatasi ya matokeo, kitambulisho na barua ya mwalimu mkuu. Mwanafunzi huelekezwa mahali pa kuweka anwani, tarehe, mada na sahihi. Haelekezwi namna ya kuandika pale ambapo alama ya somo moja, au cheti kizima, hakipo. Kwa kijana aliyekulia katika familia ya wafugaji huko Merti, Sericho au Oldonyiro katika Kaunti ya Isiolo, hilo huweza kuwa swali la kwanza kabla ya anwani na tarehe.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, mapengo ya alama yana aina mbalimbali, na kila aina ina njia yake ya kuzibwa. Pili, sarufi ya Kiswahili inazo zana za kuyatofautisha mapengo hayo kwa uangalifu mkubwa, lakini zana hizo hutumiwa ovyo, na mwombaji ndiye anayelipa.

Huenda msomaji akauliza: maombi ya chuo nchini Kenya aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili kinahusikaje? Jibu linapatikana katika mazingira ya Isiolo. Mji huo, uliokuwa lango la iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ni makutano ya Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru. Kiswahili ndicho daraja lao. Mzazi anapokwenda kwa chifu kueleza kilichompata mwanawe, mara nyingi hueleza kwa Kiswahili, kisha chifu huandika barua kwa Kiingereza. Vivyo hivyo kituoni, askari husikiliza kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Baina ya kinywa na karatasi, kitenzi kimoja kikigeuka, kijana hugeuziwa historia yake. Aidha, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kwa hiyo barua hizo zingeweza kuandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Aina za pengo

Aina ya kwanza ni ile ambapo alama ipo lakini karatasi haipo. Cheti kimepotea, kimeungua, kimesombwa na mafuriko, au kimebaki shuleni kwa sababu ya deni la karo. Hapa ni muhimu kukumbuka kwamba anayehifadhi matokeo ni Baraza la Mitihani la Taifa la Kenya (KNEC), lililoundwa mwaka 1980. Baraza huweza kuithibitishia taasisi matokeo ya mtahiniwa, na hutoa cheti mbadala kwa aliyepoteza cha awali. Ama kuhusu vyeti vinavyozuiliwa, Sheria ya Baraza hilo ya mwaka 2012, katika kifungu cha 10, inaeleza kwamba cheti kisizuiliwe na mtu wala taasisi yoyote. Kijana anayeambiwa kwamba bila kulipa deni hana cheti anapaswa kuijua sheria hiyo, hata kama deni lenyewe bado ni deni.

Aina ya pili ni alama ambayo bado haijatoka, kwa mfano matokeo yanayosubiri uchunguzi. Aina ya tatu ni ya mtahiniwa ambaye hakuufanya mtihani; matokeo yake huonyesha herufi X. Aina ya nne ni ya alama iliyofutwa kwa sababu ya udanganyifu, ambayo huonyeshwa kwa herufi Y. Herufi hizi mbili hukaa jirani katika alfabeti, lakini maana zake ni mbali kama Moyale na Mombasa. X haimtuhumu mtu kosa lolote; Y yabeba tuhuma iliyokwisha kuamuliwa.

Aina ya tano ni pengo ambalo si pengo: alama ambayo chuo hakiihitaji. Baada ya janga la UVIKO-19, vyuo vingi vya Marekani viliacha kuwalazimisha waombaji kuwasilisha alama za mtihani wa SAT. Baadaye vingine vilirejesha sharti hilo. Chuo cha MIT kilitangaza hivyo Machi 2022. Mwombaji wa Isiolo anayetafuta ufadhili ng'ambo anapaswa kusoma kwanza sharti la mwaka wake. Kuomba radhi kwa kukosa kitu ambacho hakikuulizwa ni kujitangazia upungufu.

Uzito wa pengo

Kwa nini alama moja iwe na uzito kiasi hiki? Katika mtihani wa KCSE, alama ya A ina pointi 12 na E ina pointi 1. Wastani hutokana na masomo saba, yaani jumla ya pointi 84. Wastani wa C+, ambao ndio kiwango cha chini cha kujiunga na shahada, huanzia pointi 46. Tuchukulie mtahiniwa aliyepata C+ katika masomo sita: ana pointi 42. Somo la saba likiwa na C- tu, yenye pointi 5, atafikisha 47 na kuvuka. Somo hilo likikosekana, hesabu yake haikamiliki, wala bidii ya yale masomo sita haimfikishi mlangoni.

Zaidi ya wastani, Huduma ya Kuratibu Nafasi za Vyuo Vikuu na Vyuo vya Kati (KUCCPS) hutazama masomo manne yanayohusiana na kozi, yenye jumla ya pointi 48. Jambo hili linatugusa sisi wa Kiswahili. Tangu matokeo ya mwaka 2023, wastani hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vyema zaidi mtahiniwa. Lugha hiyo yaweza kuwa Kiingereza. Hivyo mtu anaweza kuwa na wastani mzuri ilhali alama yake ya Kiswahili ni dhaifu. Lakini akitaka kusomea ualimu wa Kiswahili, alama hiyo itadaiwa papo hapo.

Ifahamike pia kwamba mfumo wa KUCCPS hutegemea matokeo yanayotoka kwa Baraza. Hauna mahali pa kuandikia hadithi. Maelezo ya pengo huhitajika zaidi katika maombi ya moja kwa moja kwa chuo, maombi ya basari na ufadhili, na maombi ya shahada za juu. Huko ndiko barua husomwa na binadamu.

Vitenzi na mitego yake

Mtego wa kwanza ni kitenzi kukosa. Kitenzi hiki kina maana ya kutokuwa na kitu, kutofika mahali, kutopata jibu sahihi, na hata kutenda kosa. Sentensi "Nilikosa Hisabati" yaweza kufasiriwa kwamba msemaji hakufika mtihanini, au alifika akashindwa. Chifu akisikia "alikosa mtihani" na kuandika kwa Kiingereza kwamba kijana alianguka, hajasema uongo kwa kukusudia. Amechagua maana moja katika zile kitenzi kilizompa. Badala yake na isemwe: "Sikuufanya mtihani wa Hisabati, karatasi ya pili." Sentensi hii haina mlango wa nyuma.

Mtego wa pili umo katika viambishi vya ukanushi. "Sikupata alama" hutumia -ku-, kiambishi cha tendo lililokwisha. Isitoshe, katika mazungumzo ya shuleni, kutopata alama ni kushindwa. "Sijapata alama" hutumia -ja-, ambacho hukanusha tendo hadi sasa na kuuacha mlango wazi: msomaji hutarajia kwamba alama i njiani. Anayeandika "sijapata" ilhali hakuufanya mtihani anampa karani ahadi asiyoweza kuitimiza. Nayo "sina alama" hueleza hali tupu; haisemi lini wala kwa nini. Kwa hiyo -ja- itumiwe kwa pengo la aina ya pili peke yake.

Mtego wa tatu ni kauli za vitenzi. Linganisha: "Nilipoteza cheti" na "Cheti kilipotea." Katika ya kwanza mtenda ni mwombaji, katika ya pili hakuna mtenda. Linganisha tena: "Cheti kiliungua" na "Cheti kilichomwa." Kauli ya kutendwa hudai kwamba yuko aliyechoma. Katika eneo lililowahi kushuhudia mashambulizi ya wizi wa mifugo, tofauti hii si ya darasani tu. Ikiwa ripoti ya polisi inataja shambulizi, "kilichomwa" ni sahihi na kitaungwa mkono na ripoti. Ikiwa chanzo cha moto hakijulikani, "kiliungua" ndiyo kauli ya ukweli. Barua ikisema hili na ripoti ikisema lile, karani ataamini kwamba zote mbili ni za kutungwa.

Kwa upande mwingine, kuna pahala ambapo mtenda hapaswi kufichwa. Cheti kilichobaki shuleni "kimezuiliwa na shule". Kuandika "hakipatikani" ni kumfichia aliyezuia na kumwachia mwombaji lawama. Hali kadhalika, alama yenye Y "ilifutwa". Kuandika "haikutoka" ni kuficha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Chuo kikiomba uthibitisho, Baraza litaeleza lililopo.

Mfano wa aya ya maelezo

Ufuatao ni mfano wa kubuni. Mwombaji wa kwanza anaandika: "Naomba mnisaidie kwa sababu nilikosa Fasihi kutokana na matatizo ya nyumbani na cheti changu hakipatikani. Maisha yetu huku ni magumu na Mungu atawabariki." Maneno haya yana uchungu wa kweli, lakini msomaji hawezi kufanya lolote nayo. Hajui ni karatasi gani, siku gani, wala ni hatua gani imekwisha kuchukuliwa.

Mwombaji wa pili anaandika: "Sikuufanya mtihani wa Kiswahili, karatasi ya tatu, kwa kuwa nilikuwa nimelazwa hospitalini siku hiyo. Kwa sababu hiyo matokeo yangu yanaonyesha X katika somo hilo. Naambatisha barua ya hospitali yenye tarehe ya kulazwa na barua ya mwalimu mkuu. Nimejisajili kuurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea mwaka huu. Naomba kujua kama chuo kinaweza kulipokea ombi langu la stashahada kwa sasa, au nisubiri matokeo hayo."

Aya hii ina hatua tano: tukio, athari yake katika matokeo, ushahidi, hatua iliyochukuliwa, na ombi mahususi. Haikufuta uchungu, imeuweka mahali ambapo unaweza kusaidiwa. Iwapo pengo ni la cheti kilichopotea, hatua ni zilezile, ila ushahidi utakuwa ripoti ya polisi, nakala ya karatasi ya matokeo kama ipo, na nambari ya mtahiniwa. Nambari hiyo ina tarakimu 11: nane za kwanza ni za shule, tatu za mwisho ni za mtahiniwa. Pamoja na mwaka wa mtihani, ndiyo ufunguo wa kumbukumbu za Baraza. Kijana anayeihifadhi nambari yake kichwani au kwa jamaa aliye mbali na boma amehifadhi nusu ya cheti.

Jambo moja halina mjadala: mwombaji asijaze alama anayodhani angeipata. Mwaka 2020 Uingereza ilifuta mitihani ya A-level, na matokeo yaliyotangazwa tarehe 13 Agosti yalitokana na kanuni ya kompyuta iliyoshusha takribani asilimia 40 ya makadirio ya walimu. Malalamiko yalikuwa makubwa hata, tarehe 17 Agosti, makadirio ya walimu yakarejeshwa. Kenya iliahirisha KCSE ya mwaka huo, ikafanywa Machi na Aprili 2021. Ikiwa serikali yenye wataalamu wake ilishindwa kuliziba pengo kwa makisio, mwombaji mmoja hawezi kulijaza kwa kalamu yake bila kuitwa mghushi.

Wajibu wetu

Mada hii haiishii shule za upili. Katika vyuo vyetu vikuu, alama za kozi zinazokosekana zimewachelewesha wanafunzi kuhitimu na kuomba masomo ya juu. Mhadhiri anapomwandikia mwanafunzi wa namna hiyo barua ya mapendekezo, na atofautishe kati ya "hajakamilisha kozi" na "alama ya kozi haijawasilishwa". Sentensi ya kwanza humweka mwanafunzi katika nafasi ya mtenda. Ya pili hulirudisha suala idarani. Kiambishi -w- kinaweza kumwokolea mtu mwaka mzima.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kazi ipo pia. Vyama vyetu huandaa makongamano na mashairi ya kughaniwa, na hayo ni mema. Vinaweza vilevile kuandaa vielelezo vya barua za chifu, za mwalimu mkuu na za mwombaji, kwa Kiswahili sanifu, na kuzifikisha shuleni wakati wa ziara. Uchanganuzi wa kauli na viambishi utakuwa umepata matumizi nje ya karatasi ya mtihani.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba alama inayokosekana yaweza kuwa imepotea, inasubiriwa, haikutafutwa, ilifutwa, au haihitajiki. Tumeonyesha vilevile kwamba -ku- na -ja-, kauli ya kutenda na ya kutendwa, pamoja na uteuzi wa kitenzi mahali pa kukosa, hutosha kuzitofautisha hali hizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa alama huanza kuzibwa siku mwombaji anapoutaja kwa jina lake, na mwalimu wa Kiswahili ndiye mwenye kazi ya kumfunza jina hilo.