Somo la Majadiliano: Je, Hua Awindwe?



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27 na 28, tunasoma jinsi Mtakatifu Paulo na wenzake walivyovunjikiwa na merikebu, wakaokoka katika kisiwa kiitwacho Melita, na wenyeji wakawapokea kwa wema mwingi. Kisiwa hicho kipo hata leo, nacho huitwa Malta. Ni nchi ndogo katika Bahari ya Mediterania, kati ya Italia na Libya. Eneo lake lote ni kilometa za mraba 316 tu, yaani kama sehemu moja ya tano ya kisiwa cha Unguja.

Tarehe 11 Aprili 2015 watu wa Malta walipiga kura ya maoni juu ya swali hili: Je, uwindaji wa ndege wakati wa majira ya machipuko uendelee, au ukome? Ndege waliohusika walikuwa wawili, hua na kware. Katika somo hili tutamshika hua peke yake, kwa maana habari zake zinatosha kutufundisha.

Pengine mtu atauliza, “Ndege wa Malta ana habari gani na sisi?” Anayo. Kwanza, hua huyo ni mgeni wa Afrika kila mwaka. Pili, hata kwetu wako kwale, kanga na njiwa wa porini, na kila mara huzuka swali la nani awawinde, na lini. Tukijifunza jinsi wenzetu walivyobishana, tutajua namna ya kubishana vizuri sisi wenyewe.

1. HUA NI NDEGE WA NAMNA GANI?

Hua tunayemzungumza ni yule wa Ulaya. Ni mdogo kuliko njiwa wa nyumbani, na chakula chake ni mbegu. Hutaga mayai mawili kwa mara moja. Huzaa Ulaya kuanzia mwezi wa Mei, na ifikapo Septemba huondoka kukimbia baridi. Huvuka bahari, kisha jangwa la Sahara, akakaa miezi ya baridi katika nchi za Senegal, Mali, Chad, Sudan na jirani zao. Aprili hurudi tena kwa njia ndefu ile ile. Wengi wanaorudi hupita juu ya Malta, na wengine hutua hapo wakiwa wamechoka kwa safari. Hapo ndipo mwindaji huwangojea.

Watu wa kale waliijua safari hii. Nabii Yeremia, sura ya 8 mstari wa 7, anamtaja hua pamoja na ndege wengine wanaojua majira yao ya kurudi.

2. HOJA ZA WAWINDAJI

Tusiwadharau wawindaji wa Malta. Walikuwa na hoja, na mwanafunzi mwema husikiliza pande zote mbili kabla ya kuamua.

La kwanza, walisema huo ni urithi wa baba zao. Leseni za uwindaji zilizidi 10,000 katika nchi yenye watu wapatao 430,000, kwa hiyo jambo hili liligusa nyumba nyingi.

La pili, walisema wakati wa Septemba hua wanaopita Malta ni wachache. Aprili ikifungwa, kwao ni sawa na kufungiwa mwaka mzima. Hata Mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika hukumu yake ya tarehe 10 Septemba 2009, ilikubali kwamba nafasi ya kuwinda wakati wa Septemba ilikuwa ndogo sana. Lakini ilisema pia kwamba Malta ilipita kiasi kwa kuufungua wote msimu wa machipuko katika miaka ya 2004 hadi 2007. Baada ya hapo serikali iliweka kikomo: katika msimu wa 2015 hua wasizidi 11,000 na kware wasizidi 5,000.

La tatu, waliuliza: Kama wengi wakiweza kuondoa kwa kura jambo wanalolipenda wachache, kesho zamu itakuwa ya nani? Watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi kuunga mkono hoja hiyo. Ni swali zito, wala halijibiwi kwa kucheka.

La nne, walisema bunduki si adui pekee wa hua. Hili nalo ni kweli. Uingereza hua hawawindwi, lakini tangu miaka ya 1960 wametoweka zaidi ya 95 katika kila 100. Sababu kubwa ni kilimo: magugu yaliyowapa mbegu yameuawa kwa dawa, na vichaka walimojenga viota vimefyekwa.

3. HOJA ZA WALIOPINGA

Wapinzani hawakudai kwamba uwindaji wote ukomeshwe. Msimu wa Septemba wangeuacha. Walichopinga ni kumwua ndege anayerudi kwenda kuzaa. Tena walikumbusha kwamba sheria ya ndege ya nchi za Ulaya, iliyotungwa mwaka 1979, inakataza jambo hilo isipokuwa kwa ruhusa ya pekee. Malta ilijiunga na Umoja huo mwaka 2004, ikajifunga kwa sheria hiyo.

Walisema pia kwamba ndege si mali ya kisiwa. Analala Mali, anapita Libya, anatua Malta, anazaa Italia au mbali zaidi. Kila mmoja akisema, “Nachukua wachache tu,” wachache hao wakijumlishwa huwa wengi.

4. HESABU YA SEPTEMBA NA HESABU YA APRILI

Hapa ndipo penye kiini cha somo, nami naomba msomaji achukue kalamu. Tutumie hesabu ya mfano.

Jozi moja ya hua imelea makinda mawili. Mwezi wa Septemba tunao hua wanne. Mbele yao kuna jangwa, njaa na mwewe. Tuseme wawili watakufa njiani, na Aprili watarudi wawili. Basi idadi imebaki pale pale.

Mwindaji akimwua mmoja Septemba, huenda amemchukua yule ambaye angekufa kwa njaa, na chakula chake kikawafaa waliobaki. Hasara yaweza kuwa ndogo. Lakini akimwua mmoja Aprili, amemchukua aliyekwisha kushinda jangwa na bahari. Jozi imevunjika. Aliyebaki asipopata mwenzi mwingine mapema, makinda ya mwaka huo hayatazaliwa. Risasi ni moja, bali hasara si moja.

Mkulima analijua jambo hili bila kufundishwa. Kula mahindi baada ya mavuno si kosa. Kula mbegu siku ya kupanda ni kuikaribisha njaa.

Torati nayo ina amri inayofanana na hesabu hii. Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na 7, yahusu mtu akutaye kiota njiani. Ameruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama ni lazima amwache aende zake. Tazameni kwamba amri hiyo haikatazi kula ndege. Yamwachia mtu chakula, nayo yaacha mzazi wa kuzaa tena.

5. MATOKEO

Siku ya kura, waliotaka uwindaji uendelee walikuwa 126,434, na waliotaka ukome 124,214. Tofauti ilikuwa kura 2,220 tu. Msimu ukafunguliwa, lakini kabla ya mwisho wa Aprili Waziri Mkuu, Joseph Muscat, aliufunga siku tatu mapema. Ndege wa jamii ya kozi, ambaye sheria inamlinda kabisa, alikuwa amepigwa risasi akaangukia uwanja wa shule mbele ya watoto.

Mwaka huo huo hua wa Ulaya aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Mwaka 2017 Malta yenyewe ilisimamisha uwindaji wa hua wa machipuko, ikaufungua tena mwaka 2022.

Upande wa magharibi mambo yalikwenda vingine. Ufaransa, Hispania na Ureno zilisimamisha uwindaji wa hua tangu mwaka 2021. Katika miaka michache tu, hua wanaozaa upande huo waliongezeka kwa karibu robo. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ulikubali uwindaji urudi upande huo, kwa idadi ndogo yenye kikomo.

6. TUNAJIFUNZA NINI?

Kura yaweza kuamua nani atawale na kodi itumikeje. Haiwezi kuongeza yai hata moja katika kiota. Kwa hiyo, kabla watu hawajaulizwa “Mnataka au hamtaki?”, yafaa waelezwe kwanza: ndege wako wangapi, huzaa lini, na wangapi waweza kuchukuliwa bila kuharibu uzao. Mwindaji aliyekubali kupumzika miaka michache alipata ndege wa kuwinda tena. Asiyetaka kupumzika atafika siku ambayo hakuna wa kumkataza, kwa sababu hakuna wa kuwinda.

Wala asiyewinda asijivune. Anayefyeka kila kichaka na kuua kila gugu, naye ameshika silaha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni hoja ipi ya wawindaji iliyokugusa zaidi? Ungeijibuje bila kumdharau aliyeisema?
2. Je, ni haki watu wa nchi moja waamue juu ya ndege anayekaa katika nchi nyingi?
3. Katika kijiji chenu, kwale na kanga hutaga miezi gani? Vijana wenye manati na mitego wanalijua hilo?
4. Kuna kichaka gani shambani kwako ambacho ungeweza kukiacha?